Shajara ya mradi: kusikiliza neva za mende kwa ampu ya kujiundia

Jumamosi, 8 Machi 2025. Vifaa na bei

Nia ya huu mradi ni hii: niguse mwiba mmoja kwenye mguu wa mende, nisikie kwenye spika ile taarifa ambayo neva inaipeleka juu, halafu nipande ngazi moja moja, kutoka kuhisi kwenda kukimbia, kutoka kukimbia kwenda kujifunza kwa zawadi. Vijana wa kidato cha tatu hapa mtaani wanasoma neva kwa kuchora mchoro na kuupaka rangi, wanakariri, wanafaulu mtihani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia neva ikifanya kazi. Hilo linaniuma kweli, maana sauti yenyewe inapatikana kwa vifaa vya Kariakoo na mdudu aliyejaa kila karo la Dar.

Mende ninayemtumia ni yule mkubwa wa rangi ya kahawia nyekundu, Periplaneta americana, asili yake ni huku huku Afrika. Miiba ya miguuni inayohisi mguso ina neuroni (seli ya neva) ya hisi chini yake, kwa hiyo huhitaji darubini wala maabara, unahitaji ampu tu, yaani saketi ya kukuza umeme mdogo sana.

Bei kwa shilingi: AD620 moja (aisii, yaani saketi nzima ndani ya kijidude kimoja, ya kukuza umeme mdogo) 12,000. TL072 na LM386 (aisii nyingine za kukuza, ya pili ni ya kuendesha spika), zote mbili 4,000. Bredibodi (ubao wa kuchomeka vifaa bila kulehemu) 7,000. Betri mbili za volti 9, 6,000. Rezista na kapasita mchanganyiko 5,000. Jeki ya sikioni na waya 4,000. Spika imetoka kwenye redio mbovu. Jumla 38,000.

Jumamosi, 15 Machi. Ampu imegoma, sababu ni mbili

Nilifunga AD620 ikuze mara elfu kwa mkupuo mmoja. Hii aisii unaipangia ukuzaji kwa rezista moja kati ya mguu namba 1 na namba 8: chukua kilo-omu 49.4, gawa kwa rezista yako, jumlisha 1. Rezista ya omu 47 inakupa kama 1,050. Nikachomeka pini kwenye kipande cha samaki mwenye chumvi ili nisimsumbue mende bure wakati wa kujaribu, na kule mwisho ikatoka volti 8 imetulia tuli, gusa usiguse hakibadiliki kitu.

Sababu ya kwanza ni metali. Upande mmoja ilikuwa sindano ya chuma, upande wa pili waya wa shaba, na metali mbili tofauti zikiwa ndani ya kitu chenye maji ya chumvi zinatengeneza volteji zenyewe. Sehemu ya kumi ya volti tu inatosha kuharibu kazi, kwa sababu ukiikuza mara elfu inataka kuwa volti 100 na betri zako ni za 9, basi ampu inafika mwisho wa betri na kuganda pale. Spaiki (mpigo mfupi wa umeme wa neva) unayoitafuta nje ya neva iko chini ya milivolti moja, haina pa kutokea.

Dawa yake: pini zote zitoke pakiti moja (pini za mafundi cherehani, 1,500), halafu usikuze vyote mara moja. AD620 sasa ina rezista ya kilo-omu 5.6, inakuza kama mara 10 tu. Baada yake kapasita ya maikrofaradi 0.1 na rezista nyingine ya kilo-omu 5.6 kwenda graundi (nukta ya sifuri ya saketi), hapo volteji iliyotulia inazuiwa kabisa na chochote kilicho chini ya hezi 280 hivi kinapunguzwa. Ndipo TL072 inakuza mara 101, kwa kilo-omu 100 na kilo-omu 1. Ukizidisha unarudi kwenye elfu ile ile ila ile volteji ya metali imebaki nyuma ya kapasita.

Sababu ya pili ilijificha zaidi. Hata baada ya hapo ilikuwa inafanya kazi dakika moja, halafu inateleza taratibu mpaka inaganda tena. AD620 inalinganisha pini mbili, lakini kuna mkondo mdogo mno unaoingia kwenye miguu yake ya kupokelea na huo mkondo lazima upate njia ya kurudi. Pini mbili peke yake hazina hiyo njia. Weka pini ya tatu, iende graundi, kwisha habari. Michoro mingi inayozunguka mtandaoni haimkazii msomaji hii pini ya tatu na ndiyo inayowakatisha tamaa watu.

Jumamosi, 29 Machi. Kelele ya umeme wa ukutani

Wiki hizi zote zimeliwa na ngurumo. Umeme wetu ni hezi 50 na ukuta mzima wa chumba unautangaza, pini na mwili wako vinaupokea. Chujio la hezi 280 linaupunguza wenyewe, lakini chaja za simu na taa za LED zinatoa takataka za juu zaidi zinazopita moja kwa moja, tena takataka hizo zinafanana na spaiki usipokuwa makini.

Kilichofeli: kufunika bredibodi na foili (4,000). Haikusaidia kitu, ikaongeza kelele. Kumbe foili isiyofungwa kwenye graundi inakuwa antena nyingine tu. Nikaiunga na graundi ya saketi kwa kipande cha waya, ngurumo ikashuka hapo hapo. Sasa hivi mguu na pini zote zinakaa ndani ya kopo la bati la biskuti, kopo limeungwa graundi, lina tundu moja la kupitisha kijiti cha kugusia.

Kilichosaidia pia: waya wa pini ubadilishe uwe waya wa maikrofoni wenye ngozi ya nje ya metali (3,000), na uwe mfupi. Laptopu ichomolewe chaja, itumie betri yake. Simu iwekwe hali ya ndege au itoke chumbani kabisa, kwa sababu simu ikiwa kwenye 2G inarusha mawimbi kwa vipande kama 217 kila sekunde na ampu inavisikia vyote. Na kaa mbali na friji.

Umeme ulipokatika mtaa mzima Alhamisi usiku nikawahi kurekodi, kukawa kimya cha ajabu, ndipo nikapata kipimo cha kelele ya ampu yenyewe bila ukuta. Kama mtaa wako unakatiwa umeme, tumia hiyo nafasi, hakuna maabara itakayokupa ukimya huo bure. Jumla mpaka hapa 46,500.

Jumamosi, 12 Aprili. Spaiki za kwanza

Imetoka! Naandika mikono bado inatetemeka.

Mende anawekwa kwenye maji ya barafu dakika chache mpaka atulie kabisa, ndipo unakata mguu mmoja wa nyuma karibu na mwili na unamrudisha kwenye ndoo yake apate joto. Chagua wale wadogo wasio na mbawa. Huyo bado anajivua gamba, na kadiri anavyojivua mguu unaota tena. Mende mzima mwenye mbawa hajivui, mguu ukienda umeenda. Nawaomba sana mtakaoiga mfuate hili, mende ni mdudu tunayemuua kwa ndala kila siku ila hapa anatufundisha, astahili kufanyiwa taratibu.

Pini mbili kwenye paja, ya graundi kwenye kile kipande kinene cha juu. Mara ya kwanza hakuna kitu kwa sababu pini mbili zilikuwa zimekaribiana sana na ampu inasoma tofauti kati yao, zikisikia kitu kile kile tofauti inakuwa sifuri. Nikazitenga mwisho kwa mwisho wa paja, nikagusa mwiba kwa kijiti cha meno, na spika ikasema trrrrp!

Rekodi kwenye Audacity (programu ya kurekodi sauti), hezi 44,100, kisha vuta uone. Kila spaiki inachukua kama milisekunde moja, na hapa ndipo pa kukaa. Nikibonyeza mwiba kidogo zinakuja chache zimeachana, nikibonyeza kwa nguvu zinakuja nyingi zimebanana, lakini spaiki ya neuroni ile ile haikui, urefu wake ni ule ule. Mwaka 1926 kule Cambridge, Edgar Adrian na Yngve Zotterman walivuta msuli wa chura kwa uzito tofauti tofauti wakaona hivi hivi, uzito unasomwa kwenye wingi wa spaiki kwa muda, siyo kwenye ukubwa wake. Adrian akapewa Nobel mwaka 1932 pamoja na Charles Sherrington. Mimi nimeisoma hiyo habari miaka mingi, lakini kuisikia ikitoka kwenye spika ya redio mbovu ni kitu kingine.

Utaona urefu tofauti tofauti kwenye rekodi, usichanganyikiwe, hizo ni neuroni tofauti, nyingine iko karibu na pini nyingine mbali.

Jaribu na hili: pinda mwiba uushikilie hapo hapo bila kuachia. Spaiki zinafyatuka mwanzoni halafu zinapungua haraka mpaka kimya, wakati mwiba bado umepinda. Neva inaripoti mabadiliko. Ndiyo maana shati uliyovaa asubuhi huisikii tena saa nne, na hii inaanzia pale pale kwenye ngozi kabla ubongo haujaamua chochote.

Jumamosi, 3 Mei. Miguu inayopiga kelele bila kuguswa

Hii ndiyo imenisumbua kuliko zote. Masika imeleta mende wengi, nikapata kundi jipya kutoka nyumba ya jirani, na miguu yao ikawa inatoa spaiki mfululizo kama mvua ya mawe juu ya bati, sijagusa mwiba wowote. Mingine ikawa inapiga kelele dakika kadhaa halafu inakuwa kimya moja kwa moja. Nikashuku ampu. Nikabadilisha betri (6,000), nikafunga upya bredibodi yote, nikabadilisha pini, hali ile ile. Ndipo nikachukua mguu wa mende wa zamani wa kwenye ndoo yangu, saketi hiyo hiyo, pini hizo hizo: kimya safi, spaiki pale tu ninapogusa. Basi ampu haina kosa, tatizo ni mende.

Nikamuuliza jirani, akasema aah, mbona tulipuliza dawa juzi.

Hapo ndipo ilipofunguka. Dawa nyingi za kupuliza ni za kundi la pairethroidi, zimeigizwa kutoka kwenye sumu ya maua ya pareto, haya haya yanayolimwa Nyanda za Juu Kusini na kule Kenya. Spaiki inatokea kwa sababu vijimlango vya sodiamu kwenye ngozi ya neuroni vinafunguka, sodiamu inaingia, halafu vinajifunga. Pairethroidi inashika kijimlango kisijifunge upesi. Neuroni inafyatuka mara moja na badala ya kupumzika inafyatuka tena na tena, mpaka inachoka na kushindwa kufyatuka kabisa. Mende aliyelala chali anatetemesha miguu ukumbini, ndiyo hiki nilichokuwa nakisikia.

Na ni sumu ile ile inayowekwa kwenye vyandarua vyetu. Mbu wanaoipuuza wengi wao wana badiliko dogo kwenye hicho hicho kijimlango, asidiamino (kijenzi cha protini) moja tu namba 1014 imebadilika, dawa haishiki vizuri. Aina ya badiliko inayojulikana kama ya Afrika Mashariki ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwa mbu wa Kenya, ripoti ikatoka mwaka 2000. Nilipowaeleza vijana hili wakiwa wanasikiliza mguu wenye dawa na usio na dawa, mmoja mmoja, maswali hayakuisha mpaka saa tatu usiku.

Marekebisho: nimeacha kuchukua mende wa majumbani. Ndoo ina kundi langu, trei za mayai za kujifichia, mabaki ya ugali, pamba yenye maji, na kingo za ndani zimepakwa mafuta ya mgando ili wasipande. Kabla ya kila kipindi sikiliza mguu sekunde 30 bila kugusa. Ukisikia mfululizo, mtoe huyo kwenye hesabu. Jumla 52,500.

Jumamosi, 24 Mei. Kupeleka umeme badala ya kupokea

Fupi. Mguu uleule, ampu imetolewa, pini mbili zimeungwa kwenye jeki ya sikioni ya simu, sauti juu. Besi ya bongo fleva ikipiga, goko linaruka. Fidla za taarab hazikuutikisa hata kidogo, nikadhani pini zimetoka. Sababu ni kwamba ngozi ya neuroni inahitaji muda kujaa chaji, mawimbi ya haraka yanageuka upande wa pili kabla haijafika pa kufyatuka, besi inaipa huo muda. Weka nyimbo zenye besi tu na usipoteze jioni nzima kama ilivyopotea yangu.

Kwenye misuli ya mende neva inatumia kemikali iitwayo glutameti kuamuru, sisi tunatumia asetilikolini. Kwa upande wa hisi wao ndio wenye asetilikolini. Kemikali zile zile, zimegawiwa kazi kinyume.

Jumamosi, 21 Juni. Upepo wa mkiani

Sasa mende mzima, hakuna kukata. Nyuma ana vile vipembe viwili na kila kimoja kina vinywele zaidi ya 200 vinavyopepea kwa upepo mdogo kabisa. Neuroni zao zinaingia kwenye fundo la neva la mwisho wa tumbo na hapo zinakabidhi kwa neuroni nene chache zinazopanda moja kwa moja mpaka kwenye mafundo ya neva ya kifuani yanayoamuru miguu. Kenneth Roeder aliichora hii njia miaka ya 1940, na Jeffrey Camhi baadaye akaonyesha kuwa upepo anaousukuma chura akiruka kumla unatosha kumstua mende.

Nilirekodi kwa simu ya fremu 240 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 4 na kidogo. Puliza kwa mrija wa chupa ya kubana, hesabu fremu mpaka ageuke. Majibu yakawa hayaeleweki, leo milisekunde 90, dakika tano baadaye 150. Shida ni kwamba nilikuwa nahesabu kuanzia mkono ulipobana chupa, kumbe upepo una safari yake. Nimebandika uzi mmoja mwepesi wa hariri karibu kabisa na vipembe, unahesabu kuanzia uzi unapotikisika. Namba zikatulia, wengi wanaanguka kati ya fremu 10 na 14, yaani milisekunde 42 mpaka 58. Hiyo inakubaliana na vitabu. Na wanageuka kukimbia upande wa mbali na upepo. Ukimpulizia mara nyingi mfululizo anaacha kujali, mpe mapumziko ya dakika kadhaa.

Nyongeza kwa wanaouliza kama mwendo huo ni wa kulazimika tu: yupo nyigu wa kijani kinachong'aa, Ampulex compressa, yupo huku kwetu pia, anamchoma mende kifuani kwanza miguu ya mbele ilegee dakika chache, kisha anaingiza mwiba kichwani hasa kwenye ubongo. Mende anajisafisha nusu saa hivi, kwa sababu sumu ina dopamini (kemikali ya neva), halafu anabaki amesimama, misuli mizima, ukimlazimisha anaweza kutembea, lakini hataki kuanza. Nyigu anamshika kipapasio anamwongoza mpaka shimoni. Maabara ya Frederic Libersat kule Israeli iliwapa mende wa namna hiyo dawa inayoiga oktopamini, kemikali nyingine ya neva za wadudu, na hamu ya kutembea ikarudi. Shikeni hilo jina, oktopamini, linarudi hapo chini.

Jumamosi, 19 Julai. Harufu na zawadi, haijakaa

Mafunzo yenyewe: mende amenyimwa maji siku mbili, pamba yenye arki ya mnanaa inasogezwa kwenye vipapasio, hapo hapo tone la maji ya sukari mdomoni. Arki ya vanila inaambatana na maji ya chumvi. Kwa asili mende wanapenda vanila kuliko mnanaa, kwa hiyo tunawageuza kinyume na wanavyopenda ili mabadiliko yaonekane. Arki mbili na sukari 4,500, jumla sasa 57,000.

Jumapili asubuhi zote tumefundisha, hakuna kilichobadilika, wanaenda vanila vile vile. Na wakipimwa pamoja wanajazana kona moja bila kujali harufu.

Jumamosi, 9 Agosti. Imekubali

Vitu viwili vilikuwa vinatuangusha.

Kona ni kinyesi. Kinyesi cha mende kina harufu inayowaita wenzao, hivyo mende wa kwanza akishachafua, wanaofuata wanachagua choo, siyo vanila. Sasa ni mende mmoja mmoja, boksi linaoshwa kwa maji ya moto na kufutwa kwa spiriti, na pande za harufu zinabadilishwa kila mara.

Asubuhi ni kubwa zaidi. Mwaka 2007 kundi la Terry Page la Chuo Kikuu cha Vanderbilt lilionyesha kuwa mende wa Madeira anajifunza harufu vizuri jioni, na asubuhi karibu hajifunzi kitu. Mende wetu ni wa jamii nyingine lakini naye ni wa usiku, nikahamisha mafunzo yote kwenda saa moja mpaka saa mbili usiku, taa nyekundu hafifu. Wengi wa waliofunzwa sasa wanakaa muda mrefu upande wa mnanaa, na wale waliopewa maji matupu na harufu hizo hizo wamebaki na vanila yao. Hidehiro Watanabe na Makoto Mizunami kule Japani walifika mbali zaidi, mende wao walianza kutoa mate kwa kusikia harufu peke yake kabla ya sukari, kama mbwa wa mwanasayansi Pavlov waliotoa mate kwa ishara ya chakula peke yake.

Kwa nyuki njia ya zawadi inajulikana mpaka neuroni yenyewe: mwaka 1993 Martin Hammer aliamsha neuroni moja tu ya nyuki, VUMmx1, baada ya harufu, bila sukari yoyote, na nyuki akajifunza kana kwamba amelishwa. Neuroni hiyo inatoa oktopamini. Kwa nyenje imeonekana oktopamini inabeba tamu na dopamini inabeba chungu. Kwetu wenye uti wa mgongo dopamini ndiyo iliyo kwenye habari za zawadi, na Wolfram Schultz aliona kwa nyani kwamba neuroni zake hazifyatuki sana kwa juisi iliyotarajiwa, zinafyatuka kwa juisi iliyozidi matarajio, na zinashuka juisi ikikosekana.

Hatua inayofuata ni kupima kama kushuka huko kunaonekana kwenye tabia ya mende: waliofunzwa wapewe mnanaa bila sukari kila jioni, tuone wanachukua muda gani kurudi vanila, kundi la pili wapewe sukari mara moja kwa mbili. Maboksi yameshawekwa alama, tunaanza Jumatatu saa moja usiku. Mwenye kipimo cha muda cha kujiendesha kwa kamera ya simu aniambie, kuhesabu kwa macho kunachosha na macho yanapendelea jibu unalolitaka.